RAM Imeongezeka, Kioo Kimelala

Ukitaka kujua mtaa wenu una wataalamu wangapi wa kompyuta, sema kwa sauti kwamba mashine yako ni nzito. Huna haja ya kumwita mtu. Muuza genge atasema ni virusi. Shemeji aliyepita kuazima pampu atasema ni vumbi, na kabla hujamjibu ameshafungua skrubu moja. Kijana wa bodaboda anayesubiri abiria pale nje atauliza, "Mzee, hiyo si ya kupiga Windows tu?" Ukimweleza kwamba mashine yako haina Windows, atakutazama kwa huruma, kwamba basi swali umeshalijibu mwenyewe.

Hakuna anayeuliza ni nzito wapi, na hilo ndilo linaloniudhi. Mashine inaweza kuwa nzito kwenye diski, kwenye kupiga hesabu, kwenye intaneti au kwenye kuchora kioo, na kila uzito una chanzo chake. Mtaani kwetu uzito ni mmoja tu na dawa zake ni tatu: piga Windows, puliza vumbi, ongeza RAM. Mimi niliandikiwa ya tatu.

Mashine yenyewe ni CPU ya mezani, mtumba wa Ulaya, bado ina kibandiko cha ofisi iliyoitupa. Ndani kuna prosesa ya Core 2 Duo, ukoo ulioingia sokoni mwaka 2006, na kadi ya picha ambayo mwenye mali wa kwanza aliichomeka kwa sababu anazozijua mwenyewe huko aliko. Kadi hiyo haina draiva yake kwenye Linux yangu, kwa hiyo inaendeshwa na ile draiva ya jumla inayoitwa vesa, ambayo haijui ujanja wowote wa kadi: kila nukta ya kioo inaandikwa na prosesa kwa mkono. Na kabla hujanishauri niweke Linux mpya, naomba ukae chini. Programu ninayotumia kupanga kadi za michango ya harusi inafanya kazi kwenye hiyo ya zamani tu, na kadi za michango ndizo zinazolipa umeme wa nyumba hii. Safu hii hailipi umeme. Mhariri akitaka kubisha, aje na risiti ya LUKU.

Ilikuwa na RAM ya gigabaiti 2, vijiti viwili. Haikuwa na mwendo wa kujivunia lakini ilikuwa inafika. Fundi wa pale kibandani akaniambia, "Mzee, gigabaiti mbili zama hizi? Ongeza mbili nyingine, utaniombea dua." Akaniuzia vijiti viwili, akavichomeka mwenyewe, tukawasha, bayosi ikahesabu 4,096 bila kukosea. Akachukua hela yake. Dua sikuomba, lakini nilimshukuru.

Nilipofika nyumbani nikafungua kadi ya harusi moja ambayo mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshanipigia simu juu yake mchana na usiku. Picha ya bibi harusi ikaanza kushuka. Kwanza ikaja shela. Nikasubiri. Yakaja macho. Nikaenda jikoni kuuliza kama chai ipo, niliporudi bibi harusi alikuwa amefika mabegani. Nikaburuta dirisha kulisogeza kando, likaacha nyayo zake kioo kizima, madirisha yamepangana ngazi kwa ngazi, kila moja likisubiri kufutwa. Nikafungua maandishi matupu, nikayapandisha, mistari ikawa inapanda mmoja mmoja na kila mmoja nauona ukiondoka.

Yaani nimelipia mwendo, nimepewa usingizi.

Jambo la ajabu ni kwamba mambo mengine yote yalikuwa mazuri. Programu zilifunguka haraka kuliko zamani. Kugeuza wimbo kuwa MP3 kulichukua muda uleule. Diski haikuwa inakoroma. Uzito ulikuwa kwenye kioo peke yake, na mtu yeyote mwenye subira ya kuangalia angeuona. Fundi hakuwa na subira hiyo. Nilipompelekea habari alisema kadi ya picha imekufa, na kwa bahati anayo nyingine pale chini ya meza.

Ushauri wa maana wa kwanza ulitoka kwa mama watoto, ambaye kompyuta anaihesabu miongoni mwa vitu vinavyoshika vumbi. Alisema, "Kabla hujaongeza ilikuwa nzima. Si uzipunguze?" Nikachomoa vijiti vipya. Kioo kikarudi kama zamani, bibi harusi akaja mzima mzima, shela na viatu pamoja. Nikavirudisha vijiti, akaanza tena kushuka kwa awamu. Basi kadi haikufa, na ile ya chini ya meza ibaki hukohuko.

Fundi akasema kumbe vijiti ni vibovu, kauli ya kijasiri kwa mtu aliyeviuza. Nikaviacha usiku kucha na memtest86, ambayo kazi yake ni kuandika kwenye kila kona ya RAM na kusoma tena kuona kama ilichoandika ndicho kilichopo. Asubuhi hakukuwa na kosa hata moja. Nikamrudishia habari njema kuhusu bidhaa zake, akanuna.

Hapo ndipo nilipompigia mpwa wangu wa Mwanza, ambaye anashughulika na seva za watu na ana tabia mbaya ya kuuliza maswali kabla ya kutoa majibu. "Mjomba," akasema, "vijiti viache hukohuko ndani. Ila wakati wa kuwasha, iambie Linux itumie gigabaiti 2 tu." Kuna maneno ya kuandika kwenye mstari wa kuwashia, mem=2048M. Nikaandika. Linux ikaona gigabaiti 2, na kioo kikabaki kizito vilevile.

Mimi nilivunjika moyo, yeye akafurahi. Linux kutumia RAM nyingi au kidogo hakubadilishi kitu, kuchomoa vijiti kunabadilisha kila kitu. Maana yake tatizo linapikwa kabla Linux haijaamka. Linapikwa na bayosi, inapohesabu vijiti na kugawa anwani. "Niandikie kilichomo kwenye /proc/mtrr," akasema, na simu ikakatika kwa sababu za mtandao ambazo ni safu nyingine.

Sasa nivumilie kidogo, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Kumbukumbu ya kadi ya picha, machoni pa prosesa, ni anwani tu, sawa na anwani za RAM. Prosesa haijui kwa kuangalia ipi ni ipi. Lazima iambiwe: eneo hili ni RAM, weka nakala kwenye kache na uandike kwa wakati wako, eneo lile ni la vifaa, usiweke nakala popote, kila ulichopewa kipeleke hapohapo. Na kuna daraja la tatu lililotengenezwa kwa ajili ya vitu vya aina ya kioo: usiweke nakala, lakini kusanya vinavyokwenda njia moja uvipeleke kwa mkupuo. Maelezo hayo yanaandikwa kwenye rejista ziitwazo MTRR, ambazo Intel ilizileta na Pentium Pro mwaka 1995. Prosesa yangu ina nane za kupangia maeneo makubwa.

Tofauti ya daraja la pili na la tatu ni hii. Daladala ikiwa na konda mwenye akili, haiondoki kituoni na abiria mmoja, inajaza, inaondoka. Kwenye prosesa yangu gari moja linabeba baiti 64. Kioo cha nukta 1,280 kwa 1,024, kila nukta ikichukua baiti 4, ni baiti 5,242,880. Ukikusanya, hizo ni safari 81,920. Ukikataza kukusanya, na prosesa ikawa inaandika baiti nne nne, ni safari 1,310,720, kila gari limebeba abiria mmoja, na foleni ni ileile. Hiyo ni kuchora kioo mara moja tu. Ukiburuta dirisha unataka kichorwe mara nyingi kila sekunde. Hapo ndipo shela inapotangulia na macho yanafuata.

Wazee wa gemu za DOS waliyajua haya zamani. Ukiwa na Pentium Pro, gemu kama Quake ya mwaka 1996 ilitambaa mpaka upakie kiprogramu kiitwacho FASTVID, ambacho kilibadilisha rejista hizo na kuiambia prosesa kwamba eneo la kioo linaruhusiwa kukusanywa. Hakiongezi RAM, hakipulizi vumbi.

Basi nikaangalia yangu. Vikiwa vijiti viwili, orodha ilikuwa fupi ya kupendeza: kuanzia sifuri mpaka megabaiti 2,048 ni RAM. Basi. Huko juu kwenye eneo la kadi hapakuwa na mtu, kwa hiyo Linux ilipotaka kuliandika daraja la tatu iliandika bila ugomvi, ikatumia rejista ya pili, na sita zikabaki wazi.

Vikiwa vinne, bayosi inapata kazi. Anwani za chini ya megabaiti 4,096 haziwezi kuwa za RAM zote, kwa sababu kadi na vifaa vingine vinadai nafasi humohumo. Ubao wangu uliacha megabaiti 512 za mwisho kwa ajili ya vifaa, na RAM iliyokosa kiti ikahamishiwa juu, kuanzia 4,096 mpaka 4,608. Mpaka hapo sawa, hata nyumbani kwetu wageni wakizidi watoto wanahamia sebuleni. Tatizo ni namna bayosi ilivyoyaandika hayo kwenye rejista. Rejista hizi zina masharti: ukubwa wa eneo lazima uwe kwenye mfululizo wa kuzidisha mara mbili, kama 512, 1,024, 2,048, na eneo lazima lianzie kwenye kigawe cha ukubwa wake. Huwezi kuandika 3,584 kwa pigo moja. Unaweza kuiandika kwa mapigo matatu, 2,048 na 1,024 na 512, ikakaa vizuri.

Mwandishi wa bayosi hakutaka mapigo matatu. Aliandika kwamba kutoka sifuri mpaka 4,096 kote ni RAM, uongo wa waziwazi, halafu kwenye rejista nyingine akasahihisha: isipokuwa hizi 512 za mwisho, ambazo ni za vifaa na zisikusanywe. Rejista ya tatu akaipa ile RAM iliyohamia juu. Kisheria hana kosa, maana mahali ambapo maelezo mawili yanagongana, katazo la kutunza nakala ndilo linaloshinda. RAM yote inatumika, bayosi inahesabu 4,096, fundi anachukua hela yake.

Anayekosa ni kioo. Linux inapokuja kuomba kwamba eneo la kadi liandikwe daraja la tatu, inakuta lina matajiri wawili: rejista ya kwanza imeliandika RAM, ya pili imeliandika vifaa. Kukusanya hakuruhusiwi kupandishwa juu ya eneo lililoandikwa RAM. Kanuni za prosesa zinasema matokeo yake hayatabiriki. Kwa hiyo Linux inakataa kuhatarisha, inaandika mstari mmoja wa malalamiko kwenye kumbukumbu za kuwasha, mstari unaoanza na "mtrr:" na kusema aina haziafikiani, kisha inaendelea na maisha. Kadi inabaki daraja la pili. Abiria mmoja, gari moja.

Mstari huo ulikuwepo tangu siku vijiti vilipoingia. Mashine ilikuwa inasema tatizo lake kwa jina, kila ikiwashwa, wakati sisi huku nje tunabishana kuhusu vumbi.

Tiba yake ni neno moja refu kwenye mstari wa kuwashia: enable_mtrr_cleanup. Linaiambia Linux iivunje ile orodha ya bayosi na kuipanga upya bila uongo na bila masahihisho: 2,048, 1,024, 512, na zile 512 za juu. Rejista nne kwa RAM, nne wazi, na eneo la kadi halina mwenyewe. Nikaandika, nikawasha. Bibi harusi akatokea mzima kabla sijakaa vizuri kitini. Nikaburuta dirisha kushoto na kulia kwa muda mrefu kuliko heshima ya mtu wa umri wangu inavyoruhusu, mpaka mama watoto akauliza nimepoteza nini humo ndani.

Nikimbie haraka kwenye mambo mengine, maana najua kuna msomaji ameshachukua bisibisi. Kama mashine yako haina kadi ya picha, picha zake zinakaa kwenye RAM ya kawaida, imekopeshwa; huko fundi anaweza kuwa na haki akikwambia uweke vijiti viwili vinavyofanana badala ya kimoja, kwa sababu njia zinakuwa mbili. Kama ni ya zamani zaidi yenye AGP, ile njia ya kadi iliyoanza mwaka 1997, angalia kama draiva ya ubao wenyewe imewekwa. Bila hiyo kadi inaweza kujiendesha kama ya PCI, yaani megabaiti 133 kwa sekunde kwa wote wanaogawana, wakati AGP ya mwanzo kabisa ilikuwa na 266 za peke yake na ya 8x ilifika 2,133. Na Linux za miaka ya karibuni hazitegemei sana rejista hizi nane. Zinatumia PAT, iliyokuja na Pentium III mwaka 1999, inayoweka alama ukurasa kwa ukurasa, na alama yake ya kukusanya inashinda katazo la rejista. Ndiyo, nimekusikia: niweke mpya. Mpigie mwenyekiti wa kamati umweleze wewe.

Jambo jingine, kusoma kutoka kwenye kumbukumbu ya kadi ni kuzito hata ukipanga rejista vizuri, kwa sababu kukusanya ni kwa kuandika tu. Ndiyo maana ile draiva ya vesa niliyoisimanga inatunza kivuli cha kioo kizima ndani ya RAM, inachora humo kwanza, kisha inapeleka nje, isije ikahitaji kuiuliza kadi kitu. Hilo walifikiria. Sitaki kusemwa kwamba nalalamikia kila kitu.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Fundi akapita nyumbani kufuata bisibisi yake, akaikuta mashine inakimbia, akaitazama kwa kichwa kilichoinama upande. "Unaona mzee? RAM mpya inataka muda kuzoea ubao." Nikamweleza. Nilimweleza yote, rejista nane, mapigo matatu, tajiri wa kwanza na wa pili, daladala na konda wake. Alitikisa kichwa kwa adabu kabisa mpaka mwisho, halafu akaniomba nimwandikie lile neno kwenye karatasi, kwa herufi kubwa.

Juzi nilipita kibandani kwake kutafuta waya wa printa. Ile karatasi ya bei iliyobandikwa ukutani imeongezeka mstari. Kuna kupiga Windows, kuna kuweka nyimbo, kuna kurudisha picha zilizofutika, na chini kabisa kwa kalamu nyekundu: KUSAFISHA MTRR, 20,000. Nikamuuliza kama siku hizi anapata wateja wengi wa Linux.

"Linux? Hapana mzee, hakuna hata mmoja," akasema, macho kwenye skrubu. "Wote ni Windows. Naipiga kwanza, halafu nasafisha."